Mashimo ya Mfalme Sulemani: Kitabu na Sinema Zake



Leo nataka tuzungumze juu ya ubishi ambao si wa siasa wala si wa mpira, lakini huwatoa watu jasho kama ubishi wa Simba na Yanga. Ni ubishi baina ya mtu aliyekisoma kitabu akakipenda, na mtu aliyeiona sinema iliyotokana na kitabu hicho akaipenda. Wa kwanza husema sinema imekiharibu kitabu. Wa pili husema kitabu kinachosha. Kila mmoja hudai kwamba hadithi ya kweli ni ile aliyoijua yeye kwanza.

Ubishi huo niliukuta katika kijiwe cha kahawa hapa Ukonga, jirani na kituo cha mabasi cha Mombasa. Msikilizaji wa mkoani asishangae. Mombasa hii si ile ya Kenya. Ni kituo chetu katika njia ya kwenda Gongo la Mboto. Waliokuwa wakibishana ni mwalimu mstaafu na fundi viatu. Mwalimu alikisoma kitabu cha Mashimo ya Mfalme Sulemani akiwa mwanafunzi wa shule ya kati. Fundi aliiona sinema yake katika banda la video miaka ya tisini, akiwa bado kijana mdogo.

"Mwalimu, ile picha naijua yote," fundi alisema. "Kuna pale yule mzungu na yule dada wametiwa ndani ya chungu kikubwa wapikwe."

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Chungu gani? Katika kitabu hakuna chungu. Wala huyo dada hayumo."

"Yumo, Mwalimu. Yule mwenye nywele kama dhahabu."

"Basi wewe, bwana mdogo, uliingia mashimo mengine."

Watu walicheka, lakini wale wawili hawakucheka. Ubishi ukaendelea mpaka birika likaisha. Mimi niliondoka pale nikiwa nawaza kwamba wote wawili walikuwa wakipima kwa kipimo kimoja. Waliulizana tu: je, sinema imefuata kitabu au haikufuata? Nataka leo nieleze kwa nini kipimo hicho hakitoshi, na ni kipimo gani kingetufaa zaidi sisi tunaosoma na kutazama kwa Kiswahili.

Kwanza nikumbushe habari za kitabu chenyewe, kwani vijana wengi hawajakiona. Kiliandikwa kwa Kiingereza na Henry Rider Haggard na kikatoka mwaka 1885. Haggard alikuwa amefanya kazi ya utawala Afrika Kusini, na alikuwapo Pretoria mwaka 1877 Uingereza ilipoitwaa Transvaal. Kwa Kiswahili kilifasiriwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1929. Johnson ndiye aliyekuja kuwa katibu wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, na jina lake liko katika kamusi kubwa ya mwaka 1939. Hata jina la kitabu lina historia yake. Leo tungesema migodi ya Mfalme Sulemani. Johnson alisema mashimo, na neno hilo likatuingia vichwani kiasi kwamba msomaji wa zamani ukimwambia migodi atadhani unazungumzia kitabu kingine.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwindaji wa tembo, Allan Quatermain, anaombwa na Sir Henry Curtis amsaidie kumtafuta ndugu yake aliyepotea akitafuta almasi za Mfalme Sulemani. Pamoja nao yuko nahodha Good, mwenye kioo cha jicho moja na meno ya bandia. Wanafuata ramani ya Mreno aliyekufa karne nyingi nyuma, wanavuka jangwa lisilo na maji, wanapanda milima miwili yenye theluji, na ng'ambo ya milima wanaikuta nchi ya Wakukuana inayotawaliwa na mfalme katili, Twala. Nyuma ya Twala yuko mwanamke mchawi, Gagula, ambaye ni mzee kiasi kwamba hakuna aliye hai anayekumbuka ujana wake. Na katika pango kuna wafalme waliokufa, wameketishwa kuzunguka meza ya mawe, maji yanawadondokea tone kwa tone mpaka wamegeuka mawe.

Lakini msomaji wa huku kwetu hakukipenda kitabu kwa sababu ya Quatermain. Alikipenda kwa sababu ya Umbopa. Umbopa anatokea mwanzoni kama mtu anayeomba kazi ya kufuatana na msafara, na wala hataki ujira. Anabeba mizigo, anakaa na watumishi, lakini anazungumza na mabwana wale bila kuinamisha kichwa, na wao wanashangaa. Kumbe ni mrithi wa kiti cha Wakukuana, jina lake halisi Ignosi, aliyekimbizwa na mama yake akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa. Alama yake ni nyoka aliyechorwa kuzunguka kiuno chake. Fikiri mtoto wa shule ya Tanganyika, wakati wa mkoloni, akisoma kwa lugha yake kwamba mpagazi ndiye mfalme. Hapana shaka kitabu kama hicho hakisahauliki.

Sasa tuje kwenye sinema. Kitabu hiki kimefanywa sinema mara nyingi, nami nitataja tatu tu. Ya kwanza ni ya mwaka 1937, ambamo Umbopa aliigizwa na Paul Robeson, yule mwimbaji mashuhuri Mmarekani mweusi. Ya pili ni ya mwaka 1950, ya kampuni ya MGM, ikiwa na Stewart Granger na Deborah Kerr. Hii inatuhusu kwa karibu kwa sababu ilipigwa katika nchi zetu hizi: Kenya, Uganda kwenye maporomoko ya Murchison, Tanganyika, Kongo ya Wabelgiji, na Astrida ambayo leo ni Huye nchini Rwanda. Ilipata tuzo mbili za Oscar, moja ya upigaji picha na moja ya uhariri. Ya tatu ni ya mwaka 1985, ikiwa na Richard Chamberlain na Sharon Stone, iliyopigwa Zimbabwe. Hiyo ndiyo ya chungu, na ndiyo aliyoiona fundi wetu.

Tukitumia kipimo cha Mwalimu, sinema zote tatu zimeanguka. Kitabuni msafara wa kwenda milimani hauna mwanamke hata mmoja wa Kizungu. Sinema zote tatu zimemtia. Kitabuni ndugu aliyepotea anakutwa yu hai. Katika sinema ya 1950 anayetafutwa ni mume, na kinachopatikana ni mifupa yake. Katika ile ya 1985 wameingizwa askari wa Kijerumani na mzaha mwingi, maana wakati huo Marekani ilikuwa imepagawa na sinema za Indiana Jones zilizoanza mwaka 1981, na kila mtengenezaji alitaka mkono wake uingie katika sahani ile.

Lakini tusimhukumu mtengenezaji wa sinema kabla ya kujua kazi yake. Kitabu mtu hukisoma kwa siku kadhaa. Sinema ni saa moja na nusu, ikizidi sana mbili. Lazima vitu vikatwe. Tena kitabu kina uwezo ambao sinema haina. Kikisema kwamba Gagula alitambaa kama nyani aliyekauka, kila msomaji humtengeneza Gagula wake mwenyewe, kwa hofu zake mwenyewe. Mmoja atamvisha sura ya bibi kizee aliyemwogopa utotoni kijijini. Mwenye sinema hana njia hiyo. Lazima atafute mtu mmoja, ampake rangi, amwonyeshe. Mara hiyo Gagula wako amefutwa, amekaa Gagula wa mtu mwingine. Ndiyo maana wapenzi wa kitabu huondoka na kinyongo hata pale sinema ilipotengenezwa kwa uangalifu. Kinyongo hicho ni halali, lakini hakithibitishi kwamba sinema ni mbaya.

Tena kuna jambo ambalo wapenzi wa kitabu hulisahau. Haggard mwenyewe alikibadilisha kitabu chake. Katika chapa ya kwanza, wageni wale wanawatisha Wakukuana kwa kupatwa kwa jua. Baadaye Haggard akaona mambo ya mbinguni hayakubali hesabu zake, akabadilisha, ikawa ni kupatwa kwa mwezi. Sasa tukisema sinema ifuate kitabu, ifuate kitabu kipi? Cha jua au cha mwezi?

Kwa hiyo mimi napendekeza kipimo kingine. Tusiulize tu kama hadithi imefuatwa. Tuulize: katika masimulizi haya mapya, nguvu kapewa nani, na kanyang'anywa nani?

Tupime mambo matatu kwa kipimo hicho.

La kwanza ni pigano na Twala. Kitabuni, vita vikiisha, Twala aliyeshindwa anadai apigane na mtu mmoja kwa mmoja. Anayetoka kupigana naye ni nani? Si Ignosi mwenye ufalme. Ni Sir Henry, Mwingereza, na ndiye anayemkata Twala kichwa. Yaani kiti cha Waafrika kinaamuliwa na shoka la mgeni. Msomaji mtoto hupita pale akishangilia, lakini msomaji mtu mzima lazima ajiulize. Katika sinema ya 1950 pigano hilo amepewa Umbopa mwenyewe. Anapigana na Twala kwa mkono wake, anashinda, anakalia kiti chake mwenyewe. Hapa sinema haikufuata kitabu, na kwa kutofuata ilitenda haki zaidi. Tuseme kweli, ndugu zangu: kama tungeng'ang'ania kitabu, tungekuwa tunang'ang'ania kumnyima mwenye nchi ushindi wake.

La pili ni wanawake. Kitabuni kuna msichana wa Kikukuana, Foulata, ambaye wageni wanamwokoa asichinjwe kwenye ngoma. Yeye ndiye anayemuuguza nahodha Good, na upendo unaota kati yao. Foulata ndiye anayepambana na Gagula mbele ya mlango wa jiwe ulipokuwa unashuka kuwafungia ndani, akachomwa kisu, akafa. Haggard anamuua, na maneno anayompa kabla ya kufa yanaonyesha wazi kwamba mwandishi aliogopa ndoa ya mweusi na mweupe. Hilo ni doa la kitabu. Lakini angalau Foulata yumo, ana jina, ana ujasiri, na msomaji anamlilia. Sinema ya 1950 haikumwokoa na kifo. Ilimfuta kabisa, na nafasi ya mwanamke katika hadithi ikapewa bibi wa Kiingereza aliyekuja na masanduku ya nguo. Hapa sinema imeshindwa vibaya, na Mwalimu ana haki ya kulalamika, ijapokuwa sababu yake isiwe tu kwamba "katika kitabu hayumo".

La tatu ni chungu. Katika kitabu Wakukuana wana ukatili wao, lakini ni watu wenye jeshi lenye nidhamu, wenye sheria, wenye barabara iliyochongwa katika mwamba, wenye wazee wanaojua kusema. Na mwisho wa kitabu una jambo kubwa. Ignosi, akiwa mfalme, anawaaga rafiki zake na kuwaambia kwamba baada yao hatakubali mfanyabiashara mgeni avuke milima kuja na bunduki na pombe kuwaharibia watu wake. Anaifunga nchi yake. Haya yaliandikwa mwaka 1885, mwaka ule ule uliofungwa Mkutano wa Berlin. Mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wa dola iliyokuwa ikizitwaa nchi, lakini kalamu yake ilimpa mfalme Mwafrika maneno ya kufunga mlango. Mwaka 1985, miaka mia moja baadaye, Waafrika wa sinema wanachopewa ni chungu cha kuwapikia wageni, kwa ajili ya kuchekesha. Hatuwezi kusema ni muda wa sinema uliobana. Muda wa chungu ulipatikana. Muda wa kumpa mfalme hotuba yake ndio uliokosekana.

Sasa nirudi kwa fundi wetu, kwa kuwa ana kitu cha kutufundisha ambacho Mwalimu hakukisikiliza.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994 vituo kama ITV vilipoanza. Zanzibar wenzetu walikuwa nayo tangu 1973. Mtu wa Ukonga, Temeke au Manzese ambaye hakuwa na nauli ya kwenda majumba ya sinema ya mjini kama Empire, Avalon na Odeon, alikwenda banda la video. Benchi za mbao, kitambaa cheusi mlangoni, ubao nje umeandikwa kwa chaki majina ya picha za leo. Na kwa kuwa watazamaji wengi hawakujua Kiingereza, wala Kihindi, wala Kichina, ikazuka kazi ya mtafsiri. Alikaa na kipaza sauti, akasimulia picha kwa Kiswahili ikiwa inaendelea. Baadaye sauti za watafsiri kama Lufufu na DJ Mark zikauzwa mitaani katika kanda na diski.

Fundi alitueleza jinsi mtafsiri wa banda lao alivyoisimulia ile picha ya chungu. Anasema watu walikuwa wakiwacheka wale weusi wa kwenye picha, na mtafsiri akaona haya. Basi pale wanapopiga kelele tu kuzunguka chungu, yeye akawapa maneno. Akamfanya mmoja wao aseme kwa Kiswahili safi: "Nyie mmekuja kuchukua almasi zetu bila kubisha hodi. Sasa kaeni humo mpate joto kidogo, halafu mtatueleza ramani mmeipata kwa nani." Banda zima likapiga makofi. Fundi alikuwa anayakumbuka maneno hayo baada ya miaka yote hiyo, na alipotuambia kwamba anaijua picha yote, kwa hakika alikuwa anaijua picha ya mtafsiri wake.

Ndugu wasikilizaji, mimi naona yule mtafsiri asiyejulikana alifanya kazi kubwa. Hakuwa amesoma kitabu. Hakujua kwamba kitabuni Ignosi anawakataza wageni kuja kuchukua. Lakini kwa akili yake tu, akiwa mbele ya benchi za mbao, alimrudishia Mwafrika wa ile hadithi kauli ambayo watengenezaji wenye fedha nyingi walikuwa wamemnyang'anya. Hakuifuata sinema, akakikaribia kitabu.

Mwalimu alipoambiwa hayo alisema kwamba huo ni uzushi; kazi ya mtu isiguswe. Akaongeza kwamba yeye anapenda vitabu vilivyo safi, ambavyo havikuchezewa, kama Adili na Nduguze cha Shaaban Robert.

Hapo ndipo nilipotamani kumshika mkono Mwalimu wangu kwa heshima zote. Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ni hazina ya hadithi za ajabu katika Kiswahili: mji uliogeuzwa mawe, jini Huria, ndugu wawili wahasidi waliogeuzwa manyani, na ndugu yao mwema anayelazimika kuwapiga mijeledi kila usiku huku akilia. Lakini Shaaban Robert hakuanzia hewani. Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake, ambamo ndugu wamegeuzwa mbwa na mambo yanakwenda karibu vile vile. Shaaban Robert alikichukua kisa hicho, akakitoa Basra na Baghdad, akawapa watu majina yanayosema tabia zao, akaleta manyani mahali pa mbwa. Kisha akafanya kubwa kuliko yote: ndugu waovu aliwafungulia mlango wa toba, na msamaha ukashinda. Angeshikilia kwamba kazi ya watu isiguswe, tusingekuwa na Adili. Mwalimu alikuwa anakipenda kitabu kilichozaliwa kwa kutofuata.

Tofauti ni kwamba Shaaban Robert alipobadilisha, alijua anabadilisha kwa ajili ya nini. Alitaka kumpandisha binadamu. Mwenye chungu alibadilisha ili auze tikiti. Mabadiliko yote mawili ni mabadiliko, lakini hayana uzito mmoja katika mizani.

Kwa nini nasema haya redioni na si kijiweni tu? Kwa sababu jambo hili si la kale. Mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji alitoa sinema ya Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka huo, na mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kushindania Oscar. Ni riwaya ya mambo ya kweli, ya Zanzibar katika miaka ya mwisho ya Mwingereza, haina majini wala manyani. Sinema yake ilichukua mapenzi ya Yasmin na Denge na harakati za kudai uhuru, ikaacha mengi ya kitabuni. Wapenzi wa riwaya wakaanza: mbona hiki hakipo, mbona kile kimekatwa. Ni haki yao kuuliza. Lakini nawaomba waulize pia lile swali la pili: Yasmin kapewa nguvu au kanyang'anywa? Mwajuma, mwanamke wa uswahilini aliyempokea, kafanywa mtu au kafanywa pambo? Mkimpima mwongozaji kwa maswali hayo, atajifunza. Mkimpima kwa kuhesabu kurasa zilizokosekana, mwongozaji mwingine ataogopa kugusa riwaya zetu, atakwenda kutengeneza sinema nyingine ya wivu wa sebuleni.

Na riwaya zinazongoja ni nyingi. Adili inangoja. Kusadikika, nchi iliyoning'inia angani ambamo mtu anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, inangoja. Tukichelewa, siku moja atakuja mtu wa mbali mwenye fedha, apendezwe na manyani na mijeledi, aache toba. Halafu tutakaa kijiweni tulalamike kwamba wametuharibia, ilhali kalamu zilikuwa mikononi mwetu, na vyombo vya kupigia picha leo viko hata katika simu za watoto wetu.

Liko na jambo la mwisho, nalo ndilo linaloniuma. Baada ya ubishi ule nilimwuliza fundi kama angependa kukisoma kitabu chenyewe. Akasema angependa sana, aone kama kweli chungu hakimo. Mwalimu akasema nakala yake iliazimwa zamani na haikurudi. Basi wote wawili, mpenzi wa kitabu na mpenzi wa sinema, walikuwa hawana kitabu. Walibishana saa nzima juu ya kitu ambacho hakikuwamo mikononi mwa yeyote.

Ndugu zangu, sinema haijawahi kukichoma moto kitabu. Mara nyingi hukiamshia wasomaji, kama ilivyotaka kumwamsha fundi. Kinachokiua kitabu ni kukosekana. Wewe mwenye nakala ya Mashimo, au ya Adili, iliyokaa kabatini miaka arobaini ikiliwa na mende, itoe. Mwazime kijana wa jirani, andika jina lake katika daftari ili kirudi, kisha mwazime mwingine. Mwalimu wa shule, siku watoto wanapokuwa wameiona sinema, usiwakaripie. Waambie waje na kitabu, muweke vyote viwili mezani, muulizane: hapa nguvu kapewa nani? Mtoto aliyefundishwa kuuliza hivyo hatadanganywa na sinema, wala hatadanganywa na kitabu.

Kwa leo naishia hapa.